Panzi Aliyeshindwa Kunyamaza

Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo ukipata mahali nimeandika vibaya usinihesabie. Nasema mapema kwa sababu habari hii ni ya watu waliosoma sana, na mtu anaweza kuuliza mimi nilikuwa natafuta nini kati yao. Nilikuwa natafuta skrubu.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, bado nafanya kazi kwa kiwanda kimoja cha nguo pale Eneo la Viwanda, Thika, upande wa mitambo ya kufuma. Fundi alikuwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa wa kumshikia spana, kupaka grisi na kukaza kilicholegea. Nyumba nilikuwa nimepanga Kiuu, huku Ruiru, chumba kimoja na mke na watoto, na bawaba ya mlango ilikuwa imetoka ikabaki inaning'inia na skrubu moja. Mwenye ploti alikuwa ameahidi kuitengeneza tangu mvua ya masika. Lakini wacha ya mwenye ploti, nikianza hayo hatutafika.

Basi nikaingia duka la hadwea, Thika mjini, la mzee mmoja Muhindi mwenye sauti ya chini. Stima ilikuwa imepotea barabara nzima. Mzee akachukua tochi akaenda kutafuta skrubu zangu kwenye vibweta vyake, na mimi nikabaki nimeegemea kaunta. Huko nyuma, kwenye stoo ya simiti, nikasikia vijana wanabishana.

"Sasa beat itatoka wapi na stima hakuna?" Hiyo ilikuwa sauti ya msichana.

"Tupige makofi tu."

"Makofi ni ya Sande skuli."

Sasa, mtu akikaa na mtambo wa kufuma miaka mingi, ule mlio unamwingia mwilini. Mke wangu alikuwa ananipiga kiwiko kanisani kwa sababu nilikuwa naufanya na mdomo wakati wa mahubiri bila kujua. Ndivyo ilivyokuwa pale kaunta. Sikufikiria. Nikaanza tu: taka-chak, taka-chak, shhh, taka-chak. Mara mlango wa stoo ukafunguliwa, akatoa kichwa msichana mwembamba mwenye miwani.

"Ni wewe ama ni redio?"

"Ni mimi."

"Mzee, hebu kuja ndani."

"Nangoja skrubu."

"Skrubu haziendi mahali."

Nikaingia. Walikuwa watatu, wameketi juu ya mifuko ya simiti. Huyo msichana alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anakaa hosteli Kahawa Wendani, na alikuwa anasomea wadudu. Mimi nilikuwa sijui wadudu wanasomewa. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya mgomo, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo, na yeye alikuwa hataki kurudi kwao kuchuma chai. Wa pili alikuwa kijana wa mwenye duka, mpole kama baba yake, mwenye kinanda cha stima ambacho siku hiyo kilikuwa kimekufa mapajani. Wa tatu alikuwa mtu mrefu, amevaa tai siku ya Jumapili. Huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, shule ya sekondari ya Ruiru.

Walikuwa wanaimba rap. Vijana wengi walikuwa wanaimba rap wakati huo, ya mapenzi na ya kujisifu, suruali zinafagia chini. Hawa walikuwa wanaimba mambo ya vitabuni. Msichana alikuwa na wimbo wa mchwa, na mstari mmoja mpaka leo haujanitoka:

Mchwa hana simiti, hana fundi, hana ramani,
lakini kichuguu chake kina upepo ndani.

Nilimwuliza kama ni kweli. Akanieleza vile wale wadudu wanavyotoboa njia za hewa, hewa moto inapanda juu, baridi inaingia chini, na mimi nikasikiza mpaka mzee akaja na skrubu akanikuta nimekaa kwa simiti na wao. Akatuangalia mmoja mmoja. Akaniambia, "Hata wewe, mtu mzima?"

Hata mimi. Nilikuwa nimepita arobaini, nina mvi pembeni.

Mavazi yalikuja kwa sababu ya mwalimu. Yeye alikuwa ameajiriwa na bodi ya shule tu, serikali ilikuwa bado haijamchukua, na mwalimu wa bodi anaweza kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asisumbuke kuja. Kwao alikuwa na mama asiye na mume na wadogo aliokuwa anawasomesha. Na hedimasta wake alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa parade. Alikuwa amesimama mbele ya shule nzima akasema kwamba akisikia mwalimu au mwanafunzi ameonekana kwa mambo ya disko, wataagana hapo hapo. Mwalimu alitueleza hayo kwa upole, vile anavyoeleza kila kitu, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi naweza kuandika tu. Kuimba muimbe ninyi."

"Na ukifunikwa?" akauliza msichana.

"Nifunikwe na nini?"

"Mtu akiona dudu, haulizi ni nani."

Ndiyo tukawa wadudu. Kushona nilishona mimi, na mashine ya mke wangu, kwa gunia la mkonge. Niseme hapa kwamba gunia si gunia tu. Lile la kahawa ni laini lakini linaoza kwa jasho. La mahindi lina nguvu ila linawasha shingo kama upupu. Nilichagua la mahindi, na mwalimu alijikuna miaka hiyo yote bila kunilaumu. Macho yalikuwa vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia, vimetobolewa kwa msumari, na pembe za kichwani zilikuwa waya za breki za baiskeli zilizotoka kwa rafu ya mzee. Mwalimu, kwa sababu ya urefu, akawa panzi. Msichana akawa mchwa. Kijana wa duka akawa nyenje. Mimi nikapewa mende, na sikuuliza kwa nini.

Mke wangu aliona mwanaume wake anatoka kila Jumapili baada ya chakula na gunia begani, anarudi jioni amechangamka. Akanyamaza, akanyamaza, halafu siku moja akasema, "Baba watoto, huyo mwanamke wa Thika anakula mahindi kiasi gani?" Ilibidi nivae umende pale chumbani, mbele ya watoto, ndiyo aamini. Mtoto wa mwisho alilia. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kitandani, kisha akaniambia mshono wa bega la kushoto umepotoka, nikaufumua.

Kwa kweli mwanzo hatukupendwa. Mara ya kwanza, kwenye ukumbi mmoja Thika, vijana walitupigia mluzi. "Rudini shule!" mmoja akapiga kelele, na panzi akamwinamia kwa heshima kama amesifiwa. Lakini kule Wendani, kwa wanafunzi wa hosteli, ilikuwa kitu kingine. Wale walikuwa wanajua ni nini kinaimbwa. Panzi akiimba vile chumvi ya jikoni imetengenezwa na vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kingekuua, wao wanaimba pamoja naye, wanapiga meza. Mimi nilikuwa naelewa labda nusu. Nusu nyingine nilikuwa naishikilia kwa mdomo, taka-chak, na hiyo ilitosha.

Tulirekodi kaseti pale pale stoo, kwa redio ya deki mbili. Katikati ya wimbo wa mchwa lori la simiti likaja kushusha, likanguruma, likapiga breki, pfsss. Tulikuwa hatuna kaseti nyingine tukaacha hivyo. Kaseti ikatembea, mtu anamnakilia mwenzake, ikafika Githurai, ikafika mpaka vibanda vya Kiuu ambapo niliisikia nikinunua mboga ya sukuma, nikanyamaza na raha yangu. Shida ni kwamba watu walidhani lori ni sehemu ya wimbo. Tukifika hapo kwenye shoo wanapiga kelele, "Lori! Lori!" Basi ikabidi nijifunze lori. Breki ndizo zilikuwa ngumu.

Kilichotupa jina zaidi ni maswali. Katikati ya shoo mimi napunguza mlio, na mtu yeyote ukumbini anaruhusiwa kuuliza kitu, na mmoja wetu anajibu kwa kuimba, hapo hapo, bila kusimamisha beat. Watu walikuja na maswali tangu nyumbani. Kwa nini mbu ananiuma mimi na si mke wangu? Mchwa anajibu. Mwezi unaenda wapi? Panzi. Hesabu kubwa kubwa, panzi. Alikuwa anazikamata kama mtu anayedaka machungwa.

Tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: Ruiru hatuimbi. Ruiru kuna shule ya mwalimu, kuna hedimasta. Tulishika sheria hiyo vizuri mpaka Jumamosi moja ambayo ukumbi wetu wa Thika ulichukuliwa na harusi. Mwenye ukumbi wa Ruiru akasema wa kwake uko wazi mchana huo, na watu walikuwa wameshaambiwa. Msichana alikataa. Nyenje akasema yeye hana neno. Mimi nikamwangalia mwalimu.

"Nikiwa ndani ya gunia mimi si mwalimu," akasema. "Twendeni."

Ukumbi ulijaa. Kupitia yale macho yangu ya vifuniko mtu haoni ila matundu matundu, na sikuona ni akina nani. Nilisikia tu vicheko vya watoto wakubwa huko nyuma. Tukaimba ya mchwa, nikafanya lori, watu wakafurahi. Tukafika kwa maswali. Panzi alikuwa ameenda nyuma kunywa maji, joto lilikuwa limemzidi. Hapo hapo kijana mmoja karibu na mlango akauliza, "Minus tatu mara minus nne?"

Nyenje akaona panzi hayuko karibu, akalidaka yeye. Kijana mzuri yule, na vidole vyake kwa kinanda vilikuwa vya ajabu, lakini hesabu alikuwa anaijua ile ya dukani, ambayo hakuna minus. Akaimba:

Minus tatu, minus nne, zimegongana njiani,
ni minus kumi na mbili, kaiweke kitabuni.

Watu wakapiga makofi, maana iliingia vizuri. Mimi hata sikujua kuna kosa. Nilikuwa taka-chak, taka-chak. Halafu nikasikia hatua nyuma yangu, na panzi akapita mbele, maji bado yanamtiririka chini ya gunia, ameinua mkono. Hakuimba. Alisema, na sauti yake ya kila siku, ile ya darasani:

"Hapana. Hapana, hapana. Twende pole pole. Nani ataniokoa hapa?"

Huko nyuma viti vikakwaruza sakafu. Safu nzima ikasimama. Wavulana na wasichana, wamenyooka, mikono pembeni, kama watu waliovutwa na kamba. Wakajibu pamoja:

"Plus kumi na mbili, sir!"

Mlio wangu ulikatika, mara ya kwanza katikati ya wimbo. Nilimwona msichana mmoja wa ile safu amejifunika mdomo kwa viganja viwili. Wakaketi mmoja mmoja, pole pole, bila kuangaliana. Ukumbi wote uliobaki ukaangua kicheko, wakadhani tumepanga, wakashangilia kuliko siku yoyote. Panzi alikuwa amesimama vile vile, mkono bado juu.

Nyuma ya jukwaa alivua kichwa. Mkonge ulikuwa umemchora paji la uso.

"Si ungeacha tu?" nyenje akamwambia, karibu kulia, maana kosa lilikuwa lake. "Huo ni wimbo, si mtihani."

"Minus mara minus, bwana! Hiyo ni form two. Nimewafundisha juzi. Ningewaacha waende nayo nyumbani?"

"Kwani ulijua wanafunzi wako wamo?"

"Sikujua ni nani yuko. Lakini si kuna watu?"

Msichana alikuwa anakunja mabawa yake. Alisema tu, "Watasema."

"Watasema," mwalimu akakubali. "Ni watoto."

Wiki hiyo nilikuwa kazini lakini sikuwa kazini. Fundi aliniomba spana nikampa kopo la grisi. Nilikuwa nikiona yule mama wa mwalimu, ambaye sijawahi kumwona, amekaa mlangoni kwake na wale watoto. Mke wangu alinipikia ugali wangu nikaurudisha nusu, na hilo lilimtisha kuliko umende.

Mwalimu alikuja Kiuu mwenyewe katikati ya wiki, baada ya shule, akiwa na tai yake. Mke wangu akamwekea kiti na chai. Tukamwacha anywe kwanza. Halafu akatueleza, na mimi nakueleza vile alivyoeleza.

Jumatatu aliingia form two wakamsimamia kama kawaida, wakaketi, wakafungua vitabu. Hakuna aliyecheka. Walikuwa watulivu mno, na hiyo ndiyo ilimjulisha kwamba wamezungumza. Jumanne akaitwa ofisini. Hedimasta alikuwa anakata kucha na wembe, hakuinua macho.

"Mwalimu, nasikia wewe ni mdudu."

"Ndiyo, sir."

"Mdudu gani?"

"Panzi, sir."

"Kunanywewa pombe huko?"

"Soda, sir."

"Wasichana wanacheza uchi?"

"Msichana ni mmoja, sir. Ni mchwa. Amevaa gunia mpaka kwa nyayo."

Hapo mke wangu alitoka nje kucheka, akarudi.

Hedimasta akaweka wembe chini. Akauliza, "Hawa watoto. Ni kweli walisimama?"

"Walisimama, sir."

"Siku ya Jumamosi? Bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa."

"Na jibu lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa."

Yule mzee akageukia dirisha. Halafu akasema, "Mimi darasa hilo nimelifundisha dini tangu January. Hata amri kumi hawajanisimamia." Akachukua wembe wake tena. "Ruiru usiimbe. Sitaki kuulizwa na wazazi. Rudi darasani, kengele imelia."

Ni hayo tu. Nilimshika mwalimu mkono nikautikisa mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia, "Ngai! Umepona!"

"Nimepona," akasema. Lakini hakuchangamka vile nilivyotarajia, na sikujua sababu mpaka tuliporudi kuimba.

Watoto walikuwa wanatufuata. Thika, Wendani, popote, form two walikuwa kwenye safu ya mbele, na wengine wameleta marafiki wa shule nyingine. Hawakumtaja tena kwa mtu, hiyo niwape. Lakini wakati wa maswali walikuwa wanauliza ya homework. Panzi anajibu kwa wimbo, na wao wanaandika. Siku moja tukivua, akaniambia, "Mzee wangu, hapa ndipo nilikuwa natorokea kazi. Sasa kazi imenunua tikiti."

"Si uwafukuze?"

"Mwanafunzi anayeandika? Wewe ungemfukuza?"

Mimi sijui. Sikufika kiwango cha kumfukuza mwanafunzi.

Ilikwenda hivyo karibu mwaka. Halafu Jumapili moja alikuja stoo bila gunia lake, akakaa kwenye simiti, akasema serikali imemchukua. Hedimasta alikuwa amempendekeza kwa barua nzuri, nzuri kuliko alivyomwambia mdomoni. Ameajiriwa kabisa, na mshahara wa kweli, na hakuna bodi ya kumwambia asirudi. Na amepelekwa kaskazini, mbele ya Isiolo huko, mahali basi linafika likipenda.

Msichana akasema, "Hongera." Alisema vile mtu anasema pole.

"Unaweza kukataa?" nyenje akauliza.

"Nikatae nini? Hiki ndicho kitu nilikuwa naogopa kukosa."

Kweli. Sote tulikuwa tumeogopa na yeye, tumekosa usingizi na yeye. Tungemwambia nini? Mzee wa duka, ambaye hakuna siku alitusikiza akiwa ameketi, aliingia akiwa na kufuli mpya kwenye boksi. Akampa. "Nyumba ya mwalimu kule," akasema, "mlango iko, kufuli hakuna. Mimi najua." Sikuwahi kujua alijuaje. Mwalimu alitaka kulipa, mzee akaenda zake.

Niliomba ruhusa kazini siku ya safari nikamsaidia kubeba godoro. Tulilipandisha juu ya basi tukalifunga na kamba, mimi nikakaza tena zile alizofunga yeye, maana alikuwa anafunga kama msomi. Akaniambia nimsalimie mke wangu. Nikamwambia asikae na njaa. Hayo ndiyo tuliyosema, watu wawili wazima.

Jumapili iliyofuata tulibaki watatu stoo. Hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe msichana akasema tufanye ile ya mchwa, na tukaifanya, na tukafika kwenye ubeti wa panzi. Nyenje alitoa vidole kwa kinanda. Mimi nilikuwa peke yangu na mlio wangu, na sikujua kama nisimame au niendelee, kwa hivyo nikaendelea, urefu ule ule wa ubeti wake, mpaka ukaisha, na msichana akaingia mahali pake.

Wimbo huo tulienda nao hivyo Wendani. Hakuna ubeti, beat tu. Watu wa hosteli walidhani ni mtindo mpya wakapenda. Form two, ambao sasa walikuwa form three, walikuja mara hiyo moja. Walisikiliza mpaka ikapita, kisha wakachukua vitabu vyao wakaondoka kwa utulivu, na hawakurudi tena.